Haki ya Kuambiwa Sababu

Wapenzi wa soka wenye umri mkubwa huenda wanamkumbuka Georges Heylens, beki wa Anderlecht na timu ya taifa ya Ubelgiji. Alipotundika daluga alikuwa na diploma ya ukocha aliyoipata kwao, na klabu ya Lille ya Ufaransa ikamwajiri. Lille iko karibu kabisa na mpaka wa Ubelgiji. Hata hivyo, sheria ya Ufaransa ilitaka kocha wa kulipwa awe na diploma ya Kifaransa, au ya nje iliyokubaliwa kuwa sawa nayo. Heylens akaomba diploma yake itambuliwe, wizara ikakataa. Uamuzi wa wizara ulisema tu kwamba kamati maalumu haikuafiki, na maoni ya kamati hiyo nayo hayakueleza chochote. Heylens akaendelea kufundisha, na chama cha makocha wa Ufaransa kikamshtaki yeye pamoja na viongozi wa klabu kwa kosa la jinai.

Mahakama ya Lille ikapeleka swali kwa Mahakama ya Haki ya Ulaya kule Luxembourg. Tarehe 15 Oktoba 1987 majaji walijibu hivi: nchi inayo haki ya kulinganisha diploma ya mgeni na ya kwake, lakini ikikataa ni lazima itoe sababu, na aliyekataliwa lazima awe na mahakama ya kukimbilia.

Mimi ni muuguzi, na mambo ya mpira siyafuatilii. Hukumu ile naithamini kwa sababu siku moja nami nilipokea barua kutoka ofisi ya Kijerumani iliyosema kwamba mafunzo yangu hayalingani na ya kwao, na barua hiyo ilikuwa na sababu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilisomea uuguzi na ukunga mkoani Kilimanjaro, nikafanya kazi katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na tangu 2017 nipo Köln. Wiki haipiti bila ujumbe kutoka nyumbani: “Shikamoo dada, nasikia Ujerumani wanatafuta wauguzi. Je, cheti changu kinatambulika huko?” Tangu Kenya na Ujerumani ziliposaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, hata Wakenya nisiowajua wananiuliza.

Kabla ya kujibu huwa nauliza: kitambuliwe na nani, kwa kazi gani, katika nchi ipi? Wengi hudhani ipo ofisi moja ya Ulaya inayogonga muhuri, na baada ya hapo mtu anafanya kazi popote kuanzia Lisbon hadi Helsinki. Ofisi hiyo haipo. Kila nchi ina mamlaka zake. Ujerumani peke yake ina majimbo 16, na leseni ya muuguzi hutolewa na mamlaka ya jimbo.

Niliajiriwa karibu wakati mmoja na dada wa Kireno kutoka Porto. Alipeleka shahada yake, uthibitisho kwamba hajafungiwa kazi kwao, na cheti cha lugha ya Kijerumani. Haikupita muda mrefu akapata leseni. Hakuna aliyemuuliza alisoma saa ngapi za magonjwa ya akili au kama aliwahi kuhudumia wazee. Sote wawili tulikuwa wauguzi wenye uzoefu, na kwa kweli mimi nilikuwa nimekaa kazini muda mrefu kuliko yeye. Tofauti yetu ilikuwa kwamba serikali ya kwao ilikwisha kumdhamini kabla hajafika.

Udhamini huo una historia. Kwa madaktari ulianza 1975, kwa wauguzi 1977, baadaye wakaja madaktari wa meno, madaktari wa mifugo, wakunga, wafamasia na wasanifu majengo. Nchi zilikubaliana kiwango cha chini cha mafunzo, kisha kila moja ikaahidi kuzipokea hati za mwenzake bila kuzichambua upya. Leo kiwango hicho kimo katika agizo la Umoja wa Ulaya la 2005, lililofanyiwa marekebisho 2013. Muuguzi lazima awe amesoma miaka mitatu au zaidi, jumla ya saa 4,600. Angalau theluthi moja iwe nadharia na angalau nusu iwe kazi ya vitendo kwa wagonjwa. Daktari ni miaka mitano na saa 5,500. Kukubaliana huko kulikuwa kugumu. Pendekezo kuhusu wasanifu majengo lilitolewa 1967, likapitishwa 1985. Baada ya hapo Ulaya iliona haiwezi kwenda hivyo kwa kila taaluma, na Desemba 1988 ikaweka utaratibu wa jumla kwa taaluma nyingine, kama ualimu, uhandisi na fiziotherapia: nchi mwenyeji ianze kwa kuiamini diploma ya mwenzake, na ikiona tofauti kubwa imwambie mwombaji afanye mtihani au apitie kipindi cha mafunzo ya kujazia.

Mimi nilitoka nje ya udhamini huo, kwa hiyo mafunzo yangu yalifunguliwa somo kwa somo. Hapa ndipo Watanzania wengi hukwama, na chanzo mara nyingi ni transkripti. Transkripti yangu ilionyesha alama, A hapa, B pale, na majina ya masomo. Saa hazikuwamo. Ofisa wa Kijerumani hawezi kulinganisha B na chochote. Anachohitaji ni kujua nilikaa darasani saa ngapi kwa somo la upasuaji, na wodini saa ngapi. Mahali asipoona saa, huandika kwamba hakuna. Nilimpigia mkuu wa chuo nilikosoma, mama ambaye sijui nimshukuru vipi. Alitoa mtaala wa miaka yetu kutoka stoo, akajumlisha saa za kila somo na za kila wodi, akaandika barua, akaisaini na kuigonga muhuri. Barua ile, ikiwa imetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, iliondoa karibu nusu ya mapungufu yaliyokuwa yameorodheshwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kweli. Huduma kwa wazee haikufika kiwango chao. Afya ya akili nilisoma kidogo. Uuguzi wa majumbani kwa maana ya huku, muuguzi kuzunguka na gari kutoka nyumba hadi nyumba, sikuwa nimesoma kabisa. Sikuona aibu kwa hilo. Mtaala wa Tanzania umeandaliwa kwa wagonjwa wa Tanzania, ambako wodi ya watoto hujaa malaria na nimonia, na ambako mzee wa miaka 85 hulelewa na wajukuu.

Jambo lililoniuma ni ukunga. Kwetu mafunzo ya uuguzi na ukunga huenda pamoja, na kule Tanga nilizalisha usiku kucha, mara nyingine taa ya simu ikiwa mkononi mwa mhudumu. Ujerumani ukunga ni taaluma nyingine, yenye sheria yake na leseni yake, na tangu 2020 mafunzo yake yamehamishiwa chuo kikuu. Kusimamia uzazi kumewekwa chini ya mkunga kisheria kiasi kwamba hata daktari anatakiwa kuhakikisha mkunga ameitwa. Saa zangu zote za chumba cha kujifungulia, sehemu kubwa ya ujuzi wangu, hazikuhesabiwa popote kwenye ombi la uuguzi. Niliulizia kuhusu kuomba leseni ya pili ya ukunga, nikaelezwa kwamba hilo ni ombi jingine kabisa, lenye ulinganisho wake na mafunzo yake ya kujazia. Sijaliomba hadi leo, na bado nalifikiria.

Sheria ya Ujerumani humpa aliyepungukiwa njia mbili: mtihani wa ujuzi, au mafunzo ya kujazia yanayofuata mapungufu yaliyoandikwa. Nilichagua mafunzo. Katika kipindi hicho nililipwa kama msaidizi wa muuguzi, na ratiba ilinipitisha wodi ya wazee, hospitali ya magonjwa ya akili na timu ya majumbani. Yako mambo niliyoyajua ambayo sikuruhusiwa kuyafanya. Katika wodi niliyopangiwa, kuweka kanula ilikuwa kazi ya daktari. Tanga niliweka kwa mtoto mchanga mwenye mishipa isiyoonekana. Lakini yalikuwapo pia nisiyoyajua. Kumwogesha mgonjwa na kumlisha, kazi ambayo nyumbani hufanywa na ndugu anayelala chini ya kitanda, huku ni ya muuguzi mwenyewe, na hufanywa kwa utaalamu: ngozi inakaguliwa, uwezo wa kumeza unapimwa, kila kitu kinaandikwa. Bibi mmoja mwenye shida ya kumbukumbu alinifundisha zaidi ya kitabu chochote jinsi ya kuzungumza na mtu aliyesahau jina la mwanawe. Mapungufu yaliyoandikwa kwenye ile barua niliyakuta wodini, na yakajazwa. Ndiyo maana nasema barua yenye sababu, hata ikiuma, ni kitu cha heshima.

Kuna kutambuliwa kwa aina nyingine ambako watu hukuchanganya na leseni. Kijana mmoja kutoka Kigoma, mhitimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliniuliza anatakiwa apate leseni wapi. Hahitaji leseni. Uchumi si taaluma inayodhibitiwa kisheria, kwa hiyo mwajiri ndiye anayeamua kama shahada inatosha. Kijana huyo alichohitaji ni hati ya kumwambia mwajiri wa Kijerumani shahada yake iko ngazi gani, na hati hiyo hutolewa na ofisi kuu ya elimu ya nje iliyoko Bonn. Kama angetaka kusoma uzamili, chuo kikuu chenyewe ndicho kingemwamulia.

Upande huu wa masomo unaongozwa na mkataba uliosainiwa Lisbon tarehe 11 Aprili 1997, chini ya Baraza la Ulaya na UNESCO. Naupenda mkataba ule kwa kifungu kimoja: shahada itambuliwe isipokuwa kama kuna tofauti kubwa, na mzigo wa kuionyesha tofauti hiyo unabebwa na anayekataa. Mwombaji alete karatasi zake, ofisi ilete hoja zake. Miaka miwili baadaye, Juni 1999, nchi 29 zilikutana Bologna na kukubaliana kuzipanga shahada zao kwa ngazi zinazofanana, huku mwaka mmoja wa masomo ukihesabiwa kuwa krediti 60. Nawatahadharisha wenzangu kuhusu krediti. Tanzania huhesabu krediti moja kwa saa 10 za kujifunza, Ulaya kwa saa 25 hadi 30. Krediti 120 za mwaka mmoja kwetu si miaka miwili ya Ulaya, na atakayeziandika hivyo kwenye fomu ataonekana mdanganyifu ilhali hakukusudia.

Ngazi nayo ina mitego. Ujerumani wauguzi wengi husoma katika shule za ufundi zilizounganishwa na hospitali, bila shahada, kwa hiyo diploma yangu ilikaa mahali pake vizuri. Hispania na Ureno uuguzi ni shahada ya miaka minne. Mwenye diploma kama yangu akienda huko atakuta pengo pana zaidi, hata kama mikono yake ina ujuzi uleule. Kwa hiyo mdogo wangu anaponiambia anataka “kwenda Ulaya”, namwomba kwanza aangalie taaluma yake inafundishwa wapi katika nchi anayoitaka.

Watu wengi hawajui pia kwamba kutambuliwa mara moja si kutambuliwa kote. Mahakama ya Luxembourg ilisema hivyo mwaka 1994 katika shauri la Tawil-Albertini, daktari wa meno wa Kifaransa aliyesoma Beirut. Ubelgiji ilikwisha kuikubali diploma yake ya Lebanon, akataka na Ufaransa iikubali kwa sababu hiyo. Majaji walisema Ufaransa hailazimiki: Ubelgiji ilipoamua, ilijiamulia yenyewe, nayo haikuwa na mamlaka ya kuwadhamini Wafaransa kwamba mafunzo ya Beirut yalifikia kiwango cha Ulaya.

Baadaye mlango ukafunguliwa kidogo. Hugo Hocsman alisomea udaktari Argentina, Hispania ikaikubali shahada yake, akabobea huko katika magonjwa ya njia ya mkojo, akapata uraia wa Hispania na kufanya kazi katika hospitali za Ufaransa. Alipoomba kusajiliwa Ufaransa kama daktari kamili, alikataliwa kwa kuwa shahada ya msingi ilikuwa ya Argentina. Septemba 2000 mahakama iliamua kwamba haitoshi kutazama karatasi moja na kufunga faili. Ofisi lazima izitazame hati zake zote pamoja na uzoefu wake, izilinganishe na kinachotakiwa, kisha ndipo iamue. Msingi wa hoja hiyo uliwekwa 1991 na wakili wa Kigiriki, Irène Vlassopoulou, aliyekataliwa uwakili Mannheim kwa kukosa mitihani ya taifa ya Kijerumani, ingawa alikuwa wakili wa Athens na alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya sheria huko huko Mannheim.

Hocsman na Vlassopoulou walikuwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Haki zile zinatoka kwenye mikataba ya Umoja, na raia wa Tanzania au Kenya hawezi kuzidai vivyo hivyo. Hili naliona ni kasoro kubwa, kwa sababu akili ya mtu haibadiliki siku anapopewa pasipoti. Ujerumani ilijitahidi kuliziba pengo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika 1 Aprili 2012, inayompa mtu yeyote haki ya kulinganishiwa mafunzo yake bila kuangaliwa uraia, hata akiwa bado Morogoro au Kisumu. Tume ya Ulaya nayo ilitoa pendekezo Novemba 2023, ikizihimiza nchi zote kurahisisha utambuzi kwa watu wa mataifa ya nje. Pendekezo si amri, lakini linaonyesha upepo unakoelekea. Na kwa aliye raia wa Umoja kuna kifungu kizuri: hati ya nje iliyotambuliwa na nchi moja mwanachama, ikifuatiwa na miaka mitatu ya kazi ya taaluma hiyo ndani ya nchi hiyo, huhesabiwa kama hati ya mafunzo anapovuka kwenda nchi nyingine ya Umoja. Basi anayeandaliwa uraia, na anayeolewa au kuoa huku, aitunze barua ya mwajiri inayoonyesha tarehe na aina ya kazi kama anavyoitunza leseni yenyewe.

Vipi yule asiye na karatasi kabisa? Hapa Köln wapo ndugu zetu kutoka Kivu na Burundi walioondoka na nguo za mwilini. Mkataba wa Lisbon una sehemu yake ya saba kwa ajili yao: nchi zilizousaini zinatakiwa kuweka utaratibu wa haki na wa haraka wa kupima elimu ya wakimbizi hata pale ambapo nyaraka hazipatikani. Tangu 2017 Baraza la Ulaya limekuwa likitoa pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi, inayotokana na usaili na nyaraka chache zilizobaki. Kwa kazi za ufundi, Ujerumani ina njia nyingine ninayoiona ya busara sana. Fundi umeme kutoka Bukavu, ninayesali naye, hakuwa na cheti hata kimoja mkononi. Aliwekwa mbele ya wataalamu wa fani yake, akapewa kazi ya kufanya na maswali ya kujibu, wakaandika walichokiona. Alikiri kwamba mikono ilimtetemeka mwanzoni, kisha waya zikamtuliza.

Kwa anayejiandaa nyumbani, ushauri wangu ni wa makaratasi. Omba mtaala wa miaka uliyosoma wewe, si wa sasa. Omba saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, zisainiwe na mkuu wa chuo. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo wodini usikitupe hata baada ya kuhitimu. Omba baraza la uuguzi uthibitisho wa usajili na wa mwenendo karibu na siku ya kutuma maombi, maana huchakaa haraka. Lugha ianze mapema. Uuguzi Ujerumani hudai kiwango cha B2, na hapo hakuna udhamini wa serikali utakaokusaidia. Na ukiletewa jibu la kukataliwa lisilo na sababu, andika kuziomba, kabla muda wa kukata rufaa haujaisha.

Mengine hayawezi kufanywa na mwanafunzi peke yake. Afrika haikuchelewa kulifikiria suala hili: mkataba wa kwanza wa UNESCO wa kutambuliana elimu ya juu barani ulipitishwa Arusha mwaka 1981, na ule mpya wa Addis Ababa wa 2014 ulianza kufanya kazi Desemba 2019. Kazi iliyobaki ni ndogo na iko ofisini. Naviomba vyuo vyetu vya afya na mabaraza ya taaluma viandike saa kwenye transkripti, safu moja tu pembeni mwa alama, kwa kila somo na kila wodi. Namba hizo tayari zimo kwenye mitaala waliyoipitisha wenyewe. Binti wa dada yangu yupo mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi Mbeya, na hadi sasa yeye na wenzake hujumlisha saa zao kwa mkono, kwenye daftari, wakimfuata msimamizi wa kila wodi asaini.